Stika

Barua ya kwanza ilifika Februari, nene,
ziwa pale Duluth bado limeganda,
na baba yake, mzee Haugen fundi bomba,
akabandika jina la chuo kwenye kioo cha nyuma cha pikapu
kabla hajavua glavu.

Marit akaona amefika, akavua viatu njiani.
Machi akalala kipindi cha kwanza.
Aprili daftari la hesabu likawa la kuchorea farasi.
Kemia aliiaga kwa mkono wa kushoto.
"Wameshanikubali," alisema, "wataniachaje?"

Ile hongera ilikuwa na mkia,
maandishi madogo kama sisimizi chini ya sahihi:
mradi alama zako zisishuke.
Nani husoma mpaka huko?

Julai, barua ya pili. Nyembamba.
D mbili, na F moja imesimama peke yake
kama abiria aliyeachwa kituoni.
"Tunasikitika," mara mbili katika ukurasa mmoja.

Baba hakugomba. Alichukua wembe,
akaenda uani, akakwangua.
Herufi zilibanduka. Gundi ikagoma.

Sasa jua likipiga kioo
jina la chuo bado linasomeka,
kwa vumbi.