Kiti Namba Kumi na Nne

Tuliondoka Tabora saa kumi za usiku,
wastaafu wa reli ndani ya basi la kukodi,
na aibu yake tuliijua wenyewe:
miaka thelathini tukisifu chuma,
leo tunalipia matairi.

Mimi ndiye mweka hazina. Daftari ninalo,
na kazi ya kuhesabu vichwa kila tunaposimama.
Ishirini na saba.
Wa ishirini na nane, Msagata, alilipa Rajabu, taslimu,
noti zimekunjwa ndani ya karatasi ya majani ya chai;
Shabani tukamzika.
Kalunde, mjane wake, hakutaka fedha irudi.
Kiti chake kiende, alisema.
Basi kikaenda, namba kumi na nne, dirishani.

Kapalata, gadi wa zamani, alikuja na filimbi yake.
Hilali dereva haondoi gari mpaka ipulizwe;
tulipofika Urambo alishaanza kumpigia saluti.
Penye daraja la Malagarasi wote tulinyamaza,
tukaitafuta reli kwa macho, kila mtu upande wake,
kama mtu anayemtafuta mtalaka wake sokoni
na hataki aonekane anatafuta.

Uvinza tulinunua chumvi.
Nyanzala akauliza, bahari yake iko wapi?
Hakuna, mama. Inatoka ardhini.
Kesho yake, Ujiji, akainama, akachota ziwa kwa kiganja,
akaonja, akatema, akaonja tena:
Maji yote haya, na hayana chumvi!
Niliyaandika maneno yake upande wa matumizi,
sikuona pengine pa kuyaweka.

Bukuru, mtembezi wetu, kijana wa Mwanga,
alikuwa na kipaza sauti na tarehe nyingi.
Hii ndiyo stesheni, akasema, Mjerumani ndiye...
Tulicheka mpaka akanuna.
Stesheni! Tuonyeshe kitu kingine, mwanangu.
Hapa tulilala na viatu miguuni,
mabehewa yakigeuzwa, maji yakijazwa,
na kabla usingizi haujakolea, bendera ya kijani.
Mara ngapi tumefika Kigoma
na Kigoma hatujaiona.

Akatupeleka Katonga, akatupeleka Bangwe,
akatupeleka Kibirizi, dagaa wameanikwa
mpaka ufuko unameta kama vipande vya kioo.
Kila mahali palikuwa na harufu yake,
mawese, moshi, nyavu zilizolowa,
na kila mahali nilisimama mlangoni nikigusa mabega,
ishirini na saba,
mdomo ukabaki wazi kidogo
kwa ile namba inayofuata.

Kibirizi Kalunde hakushuka.
Nilirudi kumtazama. Alikuwa amehamia kumi na nne,
paji la uso kwenye kioo.
Nilikuwa namwuliza, ziwa likoje? akasema.
Miaka yote ile ananijibu neno moja: Kubwa.
Kumbe naye alikuwa analiona kwa mbali tu,
taa mkononi, mgongo umeligeukia.
Ni kubwa, nikasema.
Nimeona. Niache.

Safari ya kurudi, watu walianza kwa haya.
Samahani Kalunde, nishikize hapa dagaa wangu.
Samahani, na hii chumvi. Na migebuka hii, imekauka, hainuki.
Akaitikia kila mmoja,
akapanga mwenyewe, kizito chini, chepesi juu,
kama mke wa mtu wa mizigo.
Mwisho likaja dumu la mawese, lita ishirini,
likakaa palepale, limenyooka, dirishani.

Urambo, usiku, nilihesabu kwa tochi ya simu.
Ishirini na nane.
Nikarudia kutoka mbele. Ishirini na nane.
Nikamulika vizuri:
dumu limefungwa mkanda,
na juu ya kifuniko pamewekwa kofia ya kazi,
beji ya shaba imesuguliwa.
Nani? nikauliza. Hakuna aliyejibu.
Kapalata alikuwa anatazama nje, kwenye giza,
ambako hakuna cha kutazama.
Kalunde alikuwa amelala, au amefumba macho.

Nikafungua daftari nikaandika: Wote wapo.
Filimbi.