Msumeno Uliosimama

"Zima meni swichi," akaniambia Adongo,
binti wa dada yangu, mwaka wa pili politekniki,
"kisha ngazi niachie, mjomba. Wewe shika tochi."
Nikashika tochi. Miaka ishirini na mitatu
katika karakana hii ya nyuma ya nyumba, hapa Mamboleo,
hakuna aliyewahi kunishikisha tochi.

Akafungua kifuniko. Ukamwagika
usubi wa ziwani, mkavu, kiganja kizima,
vizazi na vizazi vilivyopanda kutoka majini
kuja kufia kwenye mwanga wangu.
Akapiga chafya. Nikacheka, halafu nikaacha.

Tyubu ya kwanza, ncha zake nyeusi kama meno ya mvuta kiko.
Ya pili ni ile ya kusitasita,
ile ya kubembelezwa jioni, kugongwa kwa mpini wa nyundo,
iwake, ifikiri, izime, iwake,
kama mdeni anayetafuta maneno mlangoni.
"Polepole, ndani mna zebaki."
"Najua, mjomba."
Tukazivika magazeti, tukazilaza pembeni.

Kisha choki. Nzito, ina kutu.
Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinguruma!
Kwa ngurumo hiyo Peres, kule jikoni,
alijua bado ninapiga randa.
Ikinyamaza, hupakua.

Sasa niseme la kidole.
Yalikuwa madawati ya shule, arobaini, na usiku ulikuwa umenikuta.
Msumeno wa duara ulikuwa ukizunguka
nami nikauona umesimama.
Meno yake tuli, moja moja, ungeyahesabu.
Nikanyosha mkono kuondoa kipande cha saiprasi.

Kwa miaka nilisema: nilisinzia.
Peres alisema, si mbele yangu: alikuwa amekunywa.
Fundi mwenzangu wa Kibos alisema: hilo ni jicho la mtu,
tena akamtaja.
Na jirani yule, maskini, hadi leo salamu zetu hazina joto.

Adongo, choki mapajani, ananieleza kama anayesoma risiti:
taa hizi hupepesa mara mia kwa sekunde;
gurudumu likienda sambamba na mpepeso
huonekana limelala.

Mara mia kwa sekunde.
Nikakitazama kisiki cha kidole.
Sikusinzia. Sikulewa. Sikurogwa.
Taa ilinikonyeza, nami nikaitika.

"Na hizi mpya?"
"Hizi ulizonunua si mbaya. Lakini usiamini taa, mjomba.
Amini swichi."

Akatupa stata kikoponi, kling,
akakata, akamenya, akaunga:
waya wa moto ncha hii, nyutro ncha ile,
akaufunga utepe mweusi kwa meno, kama mama yake afungavyo uzi.
Nikaenda kuwasha mwenyewe. Hilo sikumwachia.

Zikawaka papo hapo. Hazikuombwa.
Mwanga mweupe, wa hospitali,
ukashuka juu ya kila kitu bila kubagua:
buibui, kalenda ya mwaka juzi, misumari niliyoitafuta Februari,
na kabati la Mwalimu Nereah,
lililokuwa tayari, la kupelekwa Jumamosi.

Ole wangu. Vanishi ya rangi mbili.
Mlango wa kushoto una ufa
niliouziba kwa gundi na unga wa mbao
chini ya taa iliyokuwa ikinifichia siri.
Ni makabati mangapi? Nani analala
karibu na kazi yangu, anaiona kila asubuhi, kwa jua,
na kwa adabu tu hasemi?

Karakana kimya. Kimya cha kutisha.
Nasikia hata maji ya jirani yakidondoka kwenye ndoo.
Peres akatokea mlangoni, mwiko mkononi,
macho yamembana kwa ule weupe.
"Mbona kimya? Umemaliza?"

Nilikuwa nimeshaung'oa mlango, bawaba moja mdomoni.
Nikatikisa kichwa.
Choki sikuitupa. Imo kwenye droo ya chini,
pamoja na ile glavu yenye vidole vyote vitano.