Kitenzi cha Pili

Jumamosi, saa tisa, chumba cha juu ya duka la saruji, Kadutu.
Wanafunzi saba, na ubao ambao zamani ulikuwa mlango.
Mwalimu Birindwa, miaka kumi na mmoja Malabo
akibandika vigae kwenye bafu za watu,
amerudi na goti bovu na lugha nzima mdomoni.
Anaandika kwa chaki iliyolowa unyevu: terca.
"Mbishi," anasema. "Mbishi wa kike. Wa kiume, terco."
Ntakwinja anacheka: kumbe huko hata ubishi
huvalishwa sketi au suruali!
Kwetu mbishi ni mbishi,
hujui ni nani mpaka afungue mlango.

Tukajaza madaftari.
Tacaño, anayehesabu sambaza sahanini mwa mgeni.
Chismosa, ninamjua, nanyi mnamjua, tusiendelee.
Generoso. Hapo tulinyamaza kidogo,
kila mtu akimtafuta wake.

Kisha akaupasua ubao katikati kwa mstari.
"Wana vitenzi viwili vya kuwa.
Ser inakaa mfupani.
Estar inakaa kwenye ngozi, yaweza kunawika.
Mtu es malo: ana roho mbaya.
Mtu está malo: anaumwa tu, mpelekeeni uji."
Nikamfikiria Mugisho wa nyumba ya chini,
anayewatupia watoto mawe wakienda bombani,
ambaye sote tulishampa kitenzi cha kwanza
bila kumuuliza usiku analalaje.

Sisi tuna iko.
Iko mupole, iko na njaa, iko mukali, iko Nguba.
Neno moja, ndoo moja,
tunachotea maji ya kunywa na ya kudekia.

Kazi ya nyumbani: mweleze mtu wa kwenu.
Niliandika juu ya mama, kwa taa ya simu,
umeme ukiwa umekwenda zake tangu saa moja.
Mi madre se llama Cibalonza.
Es trabajadora. Es terca.
Es callada.
Mkimya. Niliipenda ile sentensi,
fupi, haina kosa, sketi yake imekaa vizuri.

Jumamosi iliyofuata kalamu nyekundu ilisimama pale pale.
Hakukata. Alinitazama juu ya miwani.
"Tangu lini?"

Tangu lini nini, mwalimu?

"Mama yako aliniuzia maharage kabla sijasafiri.
Alinitukana, mimi na babu zangu, kwa ajili ya robo kipimo,
akanichekesha mpaka nikalipa zaidi.
Soko zima lilimsikia, hadi ngazi za chini kabisa.
Ndiyo nakuuliza. Tangu lini?"

Mvua ilianza kugonga mabati, akanisubiri.
Nikahesabu.
Tangu Zihindula aende Kamituga, kwenye mashimo ya dhahabu,
na simu yake ikasema haipatikani,
na ikaendelea kusema.
Miaka minne.
Miaka minne nimemwambia kila mgeni:
mama yetu ndivyo alivyo, hapendi maneno.

Nikafuta es. Karatasi ikatoboka kidogo.
Pembeni ya tundu nikaandika está,
na kile kijiti juu ya a,
kimeinama kama mtu anayepanda kwenda Kadutu na mzigo.

Jioni nilimkuta anachambua maharage,
mawe huku, mbegu huku, redio imezimwa.
Nikamwambia: Mama, Birindwa wa Malabo anakusalimia.
Anasema bado anakudai robo kipimo.
Kidole kikasimama juu ya ungo.
Kikakaa hapo muda mrefu,
nikadhani nimeharibu.

"Ananidai? Mimi?" alisema.
"Ule mutu iko muongo! Iko muongo tangu zamani,
na babu yake vilevile!"

Jirani akachungulia dirishani kuona nani anapiga kelele.

Iko, alisema. Sikumsahihisha.
Niliuvuta ungo upande wangu kidogo,
nikaanza kutafuta mawe.