Vijana Mnaanguka

Dada wa bima hakunitazama usoni.
Alitazama kikokotoo, kisha karatasi.
"Umri?"
Kumi na tisa, nikasema, na miezi saba.
Ile saba niliiongeza
kama mtu anayeongeza chumvi
kwenye mlenda wa jana.

Kidole kikatembea. Tarakimu zikajipanga kiooni
kama wagonjwa asubuhi pale Makole.
Nikaisoma bei. Nikaisoma tena kuanzia nyuma,
labda kwa nyuma ingekuwa nafuu.

Niiseme kwa lugha ya kijiwe:
bima kubwa ni hesabu ya bosi ya siku thelathini na nne,
kila siku elfu nane, mvua inyeshe isinyeshe,
na hapa Dodoma, isinyeshe.
Ni magunia ya uwele ya mama, yote,
na kuku juu yake.

"Mbona Mzee Malogo kalipa nusu?"
Malogo ana hamsini na mbili,
jicho la kushoto limeingia ukungu,
na pikipiki yake ikifika penye wanzuki
husimama yenyewe.

Dada akapanga risiti zake.
"Vijana mnaanguka," akasema,
kama mtu anavyosema
bei ya alizeti imeanguka.

Mnaanguka.
Nikamwona Ndahani, kona ya Ihumwa,
nyuma ya lori la saruji, kiatu kimoja barabarani
kimesimama wima kama kinamsubiri.
Tulimchangia kwa helmeti yake mwenyewe.
Ilizunguka vijiwe vitatu
ikarudi na elfu tisini na kifungo cha shati.
Nikamwona Chibago, anayeuza vocha Sabasaba,
suruali imekunjwa pale goti lilipokuwa.
Na Yaredi wa Hombolo, na kreti zake za zabibu,
lami ilivyokuwa tamu siku ile, nzi hawakuondoka.

Kumbe ndio waliokaa ndani ya kikokotoo.
Kwenye bei yangu wamepanda wao,
mshikaki, watatu nyuma yangu,
na hakuna aliyetoa nauli.

"Kuna ndogo," dada akasema. "Hiyo inamlipa utakayemgonga."
Na mimi?
"Wewe ndiye mgongaji."

Nikatoa noti kutoka kwenye sponji ya helmeti,
zimelowa jasho, akazipokea kwa ncha za kucha.
Stika ikabandikwa.
Nikatoka nje na mji mzima umekingwa dhidi yangu:
magari meusi ya Mtumba yenye vioo vya giza,
wanafunzi wa chuo, ukuta wa benki,
mama wa karanga na meza yake ya mguu mbovu.
Wote wako salama na mimi.
Nilijihisi mtu mkubwa kidogo. Kisha nikajihisi njaa.

Saa kumi na mbili jioni upepo wetu ule ukaamka,
ule unaokula mchanga na kuutema machoni,
na nani anakuja kijiweni, mtandio mdomoni,
mkoba umekumbatiwa kama mtoto mwenye homa?
"Kizota shingapi?"
Elfu mbili.
"Punguza. Elfu na mia tano."
Malogo alikuwa wa kwanza kwenye foleni.
Alimpita Malogo.

Alipanda upande. Helmeti ya abiria akaikataa,
inaharibu nywele.
Pale reli inapokata barabara, tukaruka kidogo,
na kile kidole kilichotembea asubuhi
kikanishika koti, kikakaza.
"Polepole, kaka."

Kaka. Asubuhi sikuwa na jina.
Nilitaka kumuuliza umri,
nitoe simu, nibonyezebonyeze, nitikise kichwa.
Lakini mchanga ulikuwa umejaa hewani,
ukifungua mdomo unakula.
Nikashusha gia.

Mpaka tunafika kwake, taa za Kizota zinawaka moja moja,
sikukumbuka kumuuliza
kama ile ndogo inamhesabu aliyekaa nyuma.
Naye, alipokuwa akitafuta mia tano kwenye mkoba,
hakusema.