Tano ya Duara

Fomu inauliza: lugha uliyosomea.
Kisanduku ni kimoja, kidogo kama jino.
Naandika Kiarabu. Nafuta.
Naandika Kiarmenia. Nafuta pia,
maana Kiarmenia cha bibi Azniv si kile cha Yerevan;
kule darasa zima lilicheka niliposema "yai".
Kifaransa nimekianza na miaka kumi na minne,
darasa la wageni, vyumba vya chini, Montreal.
Hapa siku ya tatu mgeni hapewi jembe,
hupewa imla.

Halafu iko ile sifuri.
Cheti cha Yerevan, darasa la sita, hesabu:
imekaa pale, muhuri umeifunika nusu
kama blanketi fupi.
Nani atawaeleza wanakamati
kwamba Aleppo tano ni duara
na sifuri ni nukta tu,
kama alama aliyoacha nzi kwenye karatasi?
Mimi nilishahama. Mkono wangu ulikuwa bado.
Niliandika tano, tano tena, hamsini na tano,
yote sahihi,
na mwalimu Varsenik akaona mayai matupu yamepangwa,
akayakata kwa wino mwekundu,
taratibu, bila chuki yoyote.
Sikuwa na neno la kumwambia. Maneno yenyewe sikuwa nayo.

Insha: maneno mia tano. Tueleze kikwazo ulichokishinda.
Bwana Thibodeau, mshauri wa shule, ananishusha sauti:
Shoghig, anza na bomu. Bomu linasomwa.
Bomu lilikuwapo, sikatai.
Lilipasua duka la baba la vifungo,
vifungo vikatiririka hadi mtaa wa pili,
watoto wakaviokota mwezi mzima.
Lakini siuzi.
Nimeandika juu ya duara:
kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa tano upande huu wa mpaka
na upande ule kisiwe kitu,
na kwamba nataka kusomea hesabu
nijue ni nani aliyekuwa sahihi.

Saa tano na dakika hamsini na nane usiku.
Mabomba ya joto yanagonga ukutani.
Chuo cha nne, ada ya nne; kadi ya baba inafikiri, inafikiri,
inakubali.

Bibi hajalala. Anachambua dengu chini ya taa ya jikoni.
"Umefaulu?"
"Nimetuma tu, bibi. Majibu Aprili."
"Aprili," anasema, kama mtu aliyetajiwa bei.
Anasukuma sahani.
"Basi kula yai,"
kwa neno lile lile lililochekwa.

Nikala. Alikuwa amezidisha chumvi.