Mize Hamad Faki, Watatu

Dirishani pale Micheweni nimekaa miaka ishirini na sita,
na daftari, na kalamu iliyofungwa uzi.
Mtu akinitajia jina, miye namuuliza:
wa nani weye?
Maana jina kwetu ni kanga ya doti,
hulikuti moja peke yake.

Mize Hamad Faki nilikuwa nao watatu.
Mize wa Bi Chumu, mwenye sukari.
Mize wa mwani, mzima, ila magoti.
Na Mize mdogo, mjukuu wa Makame cherehani,
aliyezaliwa wiki waliyomzika babu yake.
Lakabu nikiziandika pembeni, wino mwekundu.

Vikaja vishikwambi kumi na viwili
na kijana mpole mwenye tai.
Tukafundishwa adhuhuri hadi alasiri:
soda ya chungwa, cheti, picha ya pamoja.
Nikanyoosha mkono: lakabu tunaziweka wapi?
Akacheka kwa adabu.
"Mzee, mfumo unatambua jina."

Usiku, huko mjini, mtu asiyewajua
akasafisha orodha.
Mize watatu wakawa mmoja:
sukari ya huyu, magoti ya yule,
tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.

Ijumaa akaletwa Mize wa mwani,
homa kali, ulimi mzito.
Salhina muuguzi, mgeni wa Unguja, si mzembe, nashuhudia,
alisoma alichoandikiwa:
Sukari. Insulini asubuhi na jioni.
Akachoma.
Nami daftari sikuwa nalo;
lilikuwa stoo, chini ya maboksi matupu ya vishikwambi.

Siku ya tatu akafumbua macho.
Jina lako nani, bibi?
Akaitazama feni.
Mpaka leo analitafuta.
Bintiye humwita polepole,
kama amwamshaye mtoto wakati wa daku.

Ripoti ikasema: kosa la mtumiaji.
Salhina kahamishwa.

Miye sikichukii kioo kile.
Chanjo kinazihesabu kunishinda,
na macho yangu nayo yamechoka.
Ila ningeulizwa kabla, ningesema:
ongezeni kisanduku kimoja,
hata cha maneno mawili.

Jana kapita dirishani, kashikwa mkono.
Nikamuuliza, mazoea tu:
wa nani weye?
Akanusa kiganja chake, akafikiri.
"Wa mwani," akasema.

Nikaipapasa kalamu.
Nikaandika juu ya meza.