Jina Lililohama

Nilihama kwa sababu ya shilingi mia sita.
Msajili wa kwanza alipandisha ada, wa pili akaja na ofa,
nikafungua kufuli, nikaomba msimbo wa ruhusa,
nikaunakili kwa chaki, herufi kwa herufi,
kwenye ubao tunaoandikia vipimo vya miguu.
Rahisi huvunja upishi, alisema Odipo.
Nikamwambia apige tupa.

Jumanne tovuti ikazimika.
Hapa Nyalenda, kwa waifai ya karakana, ukurasa mweupe.
Kwa bando la simu yangu, ipo:
picha ya Auma akipanda ngazi kwa mguu tuliomtengenezea.
Dada yangu wa Ugunja anaiona. Mteja wa Busia haioni.
Jina lile lile, saa ile ile,
lipo, halipo.

Nimewahi kuhama nyumba, najua.
Unabeba godoro, unabeba jiko na pazia,
na muuza maziwa bado anabisha kule kwa zamani
na mpangaji mpya anamjibu dirishani: simjui.

"Subirini saa arobaini na nane," wakaandika wa huduma kwa wateja.
Watu wangu wameambiwa subiri
tangu siku waliyoamka wodini na shuka limelala bapa
pale palipokuwa na mguu.
Sikusubiri.

Usiku tukakaa, mimi na Odipo na chupa ya chai.
Jina limelipiwa? Limelipiwa, mpaka Machi.
Limesimamishwa? Karibu lisimamishwe:
barua ya kuthibitisha anwani ilikuwa imelala kwenye taka.
Tukaibofya.
Seva za majina?

Hapo.
Mbili, za yule wa kwanza, bado zinatajwa,
na yeye alifuta kila kitu siku ile ile niliyoondoka,
kama mwenye nyumba anayepaka chokaa
kabla hujafika kwenye kona na mkokoteni.

Odipo akaandika mpya. Akaweka o mahali pa sifuri.
Akaandika tena.

Alhamisi alfajiri ukurasa ukafunguka, kwa waifai, kwa bando,
hata kwa yule wa Busia.
Nilipiga kelele, fundi wa baiskeli jirani akaja mbio na spana.
Halafu adhuhuri ikapita, jioni ikapita,
na hakuna barua pepe hata moja iliyoingia.
Tulihamisha nyumba. Sanduku la barua
tuliliacha ukutani kwa mtu.
Mstari mmoja tu wa rekodi.

Ijumaa akapiga simu mama mmoja wa Ahero, Bi Nyangweso.
"Niliwaandikia mara tatu. Ikarudi: mpokeaji hajulikani.
Nikadhani mmefunga. Nikamwambia mtoto, labda mwakani."
Nyuma yake nilisikia mtoto akiuliza, ni wao?
Ni sisi, nikasema. Nitajie.
Kulia. Goti hadi kisigino, sentimita thelathini na moja.
Ubao ulikuwa umejaa.
Nikafuta msimbo wa ruhusa kwa kiganja
nikaandika pale pale: 31, kulia, Ahero.

Wengine walioandika siku zile siwajui.
Odipo amepanga nyayo za mpira rafuni, jozi na zisizo jozi.
Kila simu ikilia anainua kichwa.